Ningalisema

Katika lugha zote ambazo nimepata kujifunza sijaona hata moja iliyokosa njia ya kutaja jambo ambalo lingaliweza kuwa lakini halikuwa. Mkulima aliyechelewa kupanda huitumia njia hiyo anapotazama shamba la jirani yake. Msafiri aliyefika kituoni baada ya gari kuondoka huitumia akiwa bado anahema. Mzazi huitumia, mwanafunzi huitumia, na hakimu pia hana budi kuitumia anapopima kosa la mtu. Mwanadamu hutenda machache, huacha mengi, na yale aliyoyaacha humfuata nyuma kama kivuli.

Mimi nimeifundisha sehemu hiyo ya sarufi ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilianza kazi ya ualimu kabla ya mwaka 1985, mwaka ambao mpango mpya wa elimu wa Kenya ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na nikaendelea mpaka nilipostaafu. Mamia ya vijana walipita mbele ya ubao wangu wakikariri ningalisoma, ungalisoma, angalisoma. Nilisahihisha makosa yao kwa wino mwekundu, nikawapa alama, nikaenda nyumbani nikalala. Sikufikiri hata siku moja kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na sentensi moja ya namna ile ambayo sikuwa nimeithubutu. Aliyekuja kunikumbusha hakuwa mwalimu wala mkaguzi wa shule. Alikuwa msichana mdogo, naye alinijia kwa lugha ya Kihispania.

Nakaa Kinoru, katika mji wa Meru, ulio kwenye miteremko ya kaskazini mashariki ya Mlima Kenya. Zamani, nilipokuwa mtoto, upande wetu ulikuwa na mashamba mengi kuliko nyumba, na baba yangu alikuwa na mibuni yake hapo hapo ninapokaa leo. Sasa mji umetukaribia. Siku ya mchezo sauti za watu walio katika uwanja wa Kinoru hufika mpaka kizingitini pangu. Lakini sehemu ya mibuni ya baba ingalipo, na kaburi lake limo katikati yake.

Mjukuu wa dada yangu alikuja kukaa nami ili asome chuo mjini Meru. Anajifunza kazi ya hoteli na utalii, na kwa hiari yake akaongeza Kihispania, kwa kuwa wageni wasemao lugha hiyo hufika nchini petu kutazama wanyama. Alinieleza kwa fahari kwamba lugha hiyo haisemwi Hispania na Amerika tu, bali hata hapa Afrika, katika nchi ya Guinea ya Ikweta, ambako watu wengi nyumbani mwao husema lugha za Kibantu, ndugu wa Kimeru na Kiswahili. Nilifurahi kusikia hivyo. Mwalimu aliyestaafu hupata raha kubwa mtoto anapofungua daftari karibu naye.

Jioni moja aliniuliza, "Babu, nisaidie. Kuna wakati mmoja wa kitenzi ambao umenishinda. Nimeukariri, lakini siuelewi kazi yake."

Nilivaa miwani, nikalitazama daftari. Kitenzi chake kilikuwa hablar, na maana yake ni kusema. Alinifafanulia kanuni, nami nitaieleza hapa kwa ufupi, maana msomaji asipoifahamu hataona jinsi nilivyonaswa. Vitenzi vya Kihispania, kwa kufuata miisho yao, hugawanyika katika jamaa tatu: vya -ar, vya -er na vya -ir. Kitenzi cha kawaida kikitaka kuonyesha tendo lililokwisha kutimia, huvua mwisho wake. Cha -ar huvaa -ado, na cha -er au -ir huvaa -ido. Hivyo hablar huwa hablado. Comer, yaani kula, huwa comido. Na vivir, yaani kuishi, huwa vivido. Viko vitenzi vikaidi visivyofuata kanuni hii, lakini hivyo si mzigo wa mwanzoni. Neno hilo lililovishwa mwisho mpya halibadiliki tena. Mbele yake hutangulia kitenzi kisaidizi haber, na hicho ndicho hubeba nafsi na sharti. Mjukuu wangu alikuwa ameandika safu hii kwa mwandiko mzuri:

yo habría hablado,
tú habrías hablado,
ella habría hablado,
nosotros habríamos hablado,
vosotros habríais hablado,
ellos habrían hablado.

"Hii ya kwanza, Babu, kwa Kiswahili ni nini?"

Nikamjibu mara moja, kama mtu ajibuye salamu, "Ningalisema."

Neno lile lilipotoka kinywani mwangu nililisikia kana kwamba limesemwa na mtu mwingine. Mtoto aliendelea kuandika. Mimi niliondoa miwani yangu, nikaanza kuifuta ilhali ilikuwa safi.

Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu. Nimeueleza usemi huo darasani mara nyingi, nikisema kwamba majuto huja nyuma ya tendo kama mjukuu ajavyo nyuma ya babu yake. Sikudhani kwamba kwangu mimi yangekuja kwa miguu miwili, yakiwa na daftari mkononi na sura ya dada yangu usoni.

Sina budi sasa kueleza habari yenyewe. Mwezi wa Desemba mwaka 1975 nilikuwa nimemaliza kidato cha pili katika shule ya bweni. Siku ya kufunga shule nilipewa barua ya kumpelekea baba. Barua ilisema kwamba kwa mwaka ujao nusu ya karo yangu ingelipwa kwa msaada wa masomo, na kwamba baba alitakiwa kuleta nusu iliyobaki tu. Ilikuwa habari njema, na mwana mwema angalikimbia nayo njia nzima. Mimi niliifikiri njiani. Wenzangu wengi walikuwa na viatu vizuri na saa za mkono. Mimi sikuwa na saa, na viatu vyangu vilikuwa vimepasuka. Baba alikuwa na desturi ya kunikabidhi karo mkononi nikailipe mwenyewe. Nilipofika nyumbani barua ilikuwa chini ya nguo zangu ndani ya sanduku, na huko ikakaa.

Mwezi uliofuata, Januari 1976, dada yangu aliyenifuata kuzaliwa alipata nafasi katika shule ya sekondari. Alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba vizuri kuliko nilivyofaulu mimi. Baba alituita jioni karibu na moto. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema kwamba malipo ya kahawa yalikuwa kidogo, kwamba alikuwa tayari kuuza mbuzi wawili, na kwamba hata hivyo fedha zingetosha karo ya mtoto mmoja tu. Mimi nilikuwa nimekwisha anza masomo, basi ingekuwa hasara kunikatiza katikati. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Mwenye neno na aseme."

Mama hakusema. Dada yangu alinitazama. Mimi niliutazama moto.

Nusu ile ya karo, pamoja na fedha za mbuzi wawili, ingalimwingiza dada yangu shuleni. Neno moja lingalitosha. Sikulisema. Nilirudi shuleni na fedha zote, nikalipa nusu, na nusu iliyobaki nikanunua viatu na saa. Saa ile haikumaliza mwaka mkononi mwangu. Dada yangu aliikunja barua yake ya kuitwa shuleni, akaiweka mahali ambapo sikupajua, na asubuhi akaenda kuchuma kahawa pamoja na mama.

Huko nyuma, mwezi wa Julai mwaka 1975, baridi kali ilikuwa imeiunguza mibuni ya Brazili, nchi inayotoa kahawa nyingi kuliko zote duniani. Kahawa ikaadimika, bei ikapanda, na kufikia mwaka 1977 wakulima wa Meru walikuwa wakipata fedha ambazo hawakuwa wamepata kuziota. Baba alimwita dada yangu akamwambia kwamba sasa fedha zipo, arudi darasani, arudie mtihani. Lakini nafasi yake ilikuwa imekwisha kupewa mwingine, wenzake walikuwa mbele, naye alikuwa amekua. Alimshukuru baba, akakataa. Mwaka 1979 aliolewa, akaenda kukaa upande wa Chuka. Bei ya kahawa ingalipanda mwaka mmoja mapema, kosa langu lingalifunikwa na bahati. Lakini bahati haikunisaidia kuficha, nami sikustahili msaada wake.

Sasa turudi katika sarufi, kwani nayo ilinifundisha jambo nililokuwa nikilifundisha bila kulijua. Kiswahili kina viambishi viwili vya sharti ambavyo wanafunzi huvichanganya: -nge- na -ngali-. Tukisema, "Mvua ingenyesha, tungepanda," mbegu bado zimo ghalani na mawingu bado yanaweza kuja. Tukisema, "Mvua ingalinyesha, tungalipanda," msimu umekwisha kupita. Ni kweli kwamba wako wasemaji wengi wasioujali mpaka huu, na wako watumiao -ngeli- mahali pa -ngali-, nao husikilizana bila taabu. Lakini mpaka wenyewe una maana, nami nilikuwa nimeishi upande mmoja nikijidanganya kwamba niko upande mwingine. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijiambia, "Ningemwambia, lakini sasa ana wageni. Ningemwambia, lakini ana mgonjwa." Niliitumia -nge- kama mtu aahirishaye deni, na wakati huo wote -ngali- ilikuwa ikinikaribia.

Tofauti ya pili niliiona pale mjukuu wangu aliponiomba tuunganishe sharti na tokeo lake. Katika Kihispania pande mbili za sentensi hazivai nguo moja. Upande wa tokeo huvaa habría, lakini upande wa sharti, baada ya neno si, huvaa hubiera. Na mwanafunzi akiweka habría pande zote mbili mwalimu humsahihisha. Kiswahili hakina ubaguzi huo. Sharti na tokeo huvaa -ngali- sare sare, na mara nyingi hata neno "kama" halihitajiwi. Mtoto alitunga mfano wake mwenyewe, wala hakujua alichokuwa akikitunga: "Si yo hubiera hablado, ella habría estudiado." Maneno saba. Akaniomba nimfasirie. Nikasema: "Ningalisema, angalisoma." Maneno mawili.

Alicheka kwa ufupi wake, akaliandika. Kisha akaniuliza kwa nini Kihispania humlazimisha kuandika yo na ella. Nikatazama safu yake tena, nikaona sababu. Habría ya mimi na habría ya yeye ni neno moja. Asipotajwa mtu, msikilizaji hawezi kujua kila mara ni nani ambaye angalitenda. Katika Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi, tena imetangulia mbele kabisa. Ningalisema ni mimi. Haiwezi kuwa baba, haiwezi kuwa kahawa, haiwezi kuwa Brazili. Lugha yangu haikuniachia mahali pa kujificha.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikipitisha kitenzi kile katika nafsi zake zote kama nilivyokuwa nikiwafanyiza wanafunzi, na kila nafsi ilikuwa na mtu wake. Ningalisema ilikuwa yangu. Angalisema ilikuwa ya mama, ambaye labda alikuwa na neno akalizuia mbele ya mumewe. Tungalisema ilikuwa yetu sote tuliokaa karibu na moto, tukaona kwamba ni jambo la kawaida msichana kubaki nyumbani na mvulana kwenda shule. Hili la mwisho lilinipa faraja kidogo, kisha nikaikataa faraja hiyo. Desturi ilikuwa mbaya, lakini barua ilikuwa katika sanduku langu. Mtu asijifunike tungalisema ili aikwepe ningalisema.

Siku ya Jumamosi nilipanda gari la abiria pamoja na mjukuu wangu, tukashuka mabonde na kupanda vilima mpaka Chuka. Dada yangu alitupokea kwa furaha. Tulikula. Kijana alipotoka kwenda kuchota maji, nilimwambia dada habari yote, toka barua mpaka saa. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au kwa hasira, au kwa msamaha. Sikupata hata kimoja cha hivyo mara ile.

Aliniuliza, "Nusu ile ilikuwa shilingi ngapi, kaka?"

Nikamtajia.

Alifikiri kidogo, akasema, "Si nyingi."

Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Nilisikia maji yakimiminwa nje. Hatimaye alisema, "Baba ndiye niliyemlaumu. Miaka yote hii nilisema moyoni kwamba baba aliniona sifai. Alipokufa nililia kwa sababu watu walilia. Wewe ungalisema, hata kama nisingalisoma, ningalimpenda baba yangu."

Wasomaji wangu vijana, hapo ndipo nilipojua ukubwa wa deni langu. Nilikuwa nimehesabu shule peke yake. Nilikuwa nimejiambia kwamba dada yangu ameishi vyema, ana shamba, ana watoto waliosoma, na kwamba hasara imekwisha kulipwa na maisha. Sikujua kwamba kimya changu hakikukaa mahali pamoja. Kilikuwa kimemwendea mtu asiye na hatia, kikamwibia mapenzi ya binti yake mpaka kaburini. Mtu atendaye kosa kwa kinywa huweza kuyakumbuka maneno yake akayarekebisha. Mtu akosaye kwa kunyamaza hajui neno lake ambalo halikusemwa limefika wapi.

Mwezi uliofuata dada yangu alikuja Kinoru. Hakuja kwangu, alipita mlangoni akanisalimu, akaenda moja kwa moja katika mibuni ya baba. Sikumfuata. Alikaa huko mpaka jua likaelekea kuzama, kisha akarudi, akaomba chai. Hatujazungumza juu ya msamaha, nami sitamwomba aharakishe. Lakini siku hizi hunipigia simu, na mara mbili amenisimulia habari za baba ambazo nilikuwa nimezisahau, akicheka.

Nina neno moja la mwisho, nalo ni la sarufi pia. Liko katika Kiswahili neno jingine lenye umbo kama lile: ningali, ungali, angali. Hilo halielezi jambo lililokosekana, bali jambo ambalo bado liko. "Angali mgonjwa," twasema, yaani bado anaumwa. "Ningali hapa," yaani sijaondoka. Sitaki kudai kwamba maneno haya mawili yana asili moja. Kazi hiyo nawaachia wanazuoni wa lugha. Nasema tu kwamba masikio yangu ya uzeeni huyasikia yakiwa pamoja. Ningalisema ni ya jioni ile ya Januari 1976, nayo haiwezi kubadilishwa na mtu yeyote. Lakini ningali hai, na dada yangu angali hai, na kwa sababu hiyo neno lililochelewa miaka mingi lilipata bado mtu wa kulisikia.

Mwalimu wenu akiwapa mazoezi ya -nge- na -ngali-, msiyafanye kwa haraka mkaenda kucheza. Kila mmoja wenu achukue kitenzi kusema, akipitishe katika nafsi ya kwanza, na ajiulize kama ni wakati wa kutumia -nge- au wa kutumia -ngali-. Ikiwa ni -nge-, basi mlango uko wazi, na aondoke aende. Mjukuu wangu alifaulu mtihani wake wa Kihispania. Mimi, aliyenisahihisha ni dada yangu, na alama zangu bado sijapewa.